Madhabahu na Machinjio: Istilahi za Kuchinja na Mipaka ya Dini Tatu katika Usukuma

Utangulizi

Wilaya ya Kishapu, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Shinyanga mwaka 2002, ni nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya almasi. Makanisa yamo na misikiti imo, sinagogi hakuna. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba uhusiano wa Uyahudi, Ukristo na Uislamu ni mada ya vyuo vya teolojia, isiyomgusa mkazi wa Mhunze au Maganzo. Dhana hiyo inatetereka mara tu mkazi huyo anapokwenda buchani. Nyama anayopimiwa imepita chini ya kisu cha mtu fulani, na swali la mtu huyo ni nani, na alisema nini alipochinja, ni swali ambalo dini hizo tatu zimelijibu kwa njia tatu tofauti huku zikitumia karibu maneno yaleyale.

Mwezi Februari 2013, huko Buseresere katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, swali hilo liligharimu uhai wa mtu. Ugomvi juu ya nyama iliyochinjwa na Wakristo uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja wa kanisa la Kipentekoste akauawa. Aprili ya mwaka huohuo ghasia za sababu ileile zilizuka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Mambo haya yalikuja kujulikana kwa jina la mgogoro wa kuchinja, na mengi yaliyosemwa juu yake yalihusu siasa, biashara ya nyama na ukali wa wahubiri. Hayo yote yana nafasi yake. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo halikuzingatiwa sana: historia ya maneno yenyewe. Yanadai kwamba mgogoro ule ulipata nguvu kutokana na ukaribu wa dini hizi kuliko umbali wake. Kiswahili kilizipa msamiati mmoja wa kisu, damu na kafara, kisha kila jamii ikautumia kwa maana yake. Tena yanadai kwamba Uyahudi, dini ambayo haina waumini wilayani, ndio unaosaidia kuonyesha mahali mipaka inapopita hasa.

Mzizi mmoja, maneno mawili

Kitenzi -chinja ni cha Kibantu na kina ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Kilikuwa neno la mfugaji na mpishi kabla ya kuwa neno la mwanazuoni. Msamiati wa sheria unaokizunguka, yaani halali, haramu, najisi, sadaka, kafara, dhabihu na madhabahu, umetoka katika Kiarabu. Hata hivyo Kiarabu hapa ni mlango tu, kwa kuwa mizizi mingi ya maneno hayo ni ya Kisemiti kwa jumla na imo katika Kiebrania vilevile. Sadaka inakutana na tsedaka ya Wayahudi. Kafara inakutana na mzizi uliozaa Yom Kippur, siku ya upatanisho. Mkristo wa Kishapu anapotoa sadaka kanisani, na Mwislamu jirani yake anapotoa sadaka ya chakula baada ya msiba, wote wawili wanatamka neno ambalo Myahudi wa kale angelitambua kwa sauti yake, ingawa kila mmoja analielekeza mahali pengine.

Mfano ulio mzito zaidi ni dhabihu. Kiarabu kina mzizi dh-b-h, na Kiebrania kina z-b-h. Mlingano wa dh ya Kiarabu na z ya Kiebrania ni wa kawaida katika isimu linganishi ya lugha za Kisemiti. Kutokana na mzizi huo Kiarabu kina dhabiha, mnyama aliyechinjwa, na madhbah, mahali pa kuchinjia. Kiebrania kina zevakh na mizbeakh. Katika lugha zote mbili mzizi huo unabeba maana ya kuchinja kwa ajili ya kula na ya kuchinja kwa ajili ya ibada. Madhbah ya Kiarabu inaweza kuwa machinjio ya mji, na inaweza kuwa altare ya kanisa.

Maana hizo mbili zilikuwa na sababu ya kukaa pamoja. Katika Mambo ya Walawi sura ya 17, Mwisraeli anayechinja ng'ombe, kondoo au mbuzi anatakiwa amlete mlangoni pa hema ya kukutania. Kila mlo wa nyama ni ibada. Kumbukumbu la Torati sura ya 12 inalegeza sharti hilo: anayeishi mbali na mahali patakatifu anaruhusiwa kuchinja na kula mjini kwake, ila damu aimwage chini. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika hapo ni kilekile cha dhabihu. Lakini mfasiri wa Kiswahili hawezi kuandika kwamba mtu atoe dhabihu nyumbani ili apate kitoweo, hivyo Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema kuchinja. Huo ni uamuzi sahihi wa kitafsiri. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba Kiswahili kilitenganisha kwa maneno mawili kile ambacho Kiebrania na Kiarabu vilikiacha katika mzizi mmoja.

Kutengana huko kulikwenda mbali. Kanisa lilichukua dhabihu na madhabahu likayapeleka katika lugha ya wokovu, ambako hakuna ng'ombe wala kisu: dhabihu ni Kristo, na madhabahu ni meza ya sakramenti au, kwa Wapentekoste wa leo, hata jukwaa la mhubiri. Waislamu walibaki na kitenzi cha Kibantu kwa mambo yote. Wanachinja kwa ajili ya bucha, wanachinja akika ya mtoto, na sikukuu yao kubwa kuliko zote inaitwa na wengi Idi ya Kuchinja. Kwa hiyo kitenzi hiki, ambacho kwa Mkristo ni cha jikoni tu, kwa Mwislamu kinaweza kuwa cha jikoni na cha ibada kwa pamoja.

Kuna neno moja ambalo halikutengana. Biblia ya Muungano inamwita mnyama aliyekufa mwenyewe nyamafu, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kurani iliyotoka katika miaka ya 1990, anatumia nyamafu pia katika aya ya 3 ya Sura ya Tano. Wafasiri wa imani mbili walichagua jina lilelile la Kibantu kwa katazo ambalo asili yake ni moja. Mitaani, hata hivyo, neno lenye makali ni kibudu. Nyamafu inaweza kusomwa kwa utulivu katika vitabu vyote viwili. Kibudu ni shutuma, na nyama iliyochinjwa na asiyestahili inaweza kuitwa hivyo hata kama ng'ombe alikuwa mzima na mwenye afya tele.

Nani anakula cha nani

Linganisho la dini hizi tatu kwa kawaida huanza na imani: Mungu mmoja, manabii, maandiko, siku ya hukumu. Likianzia mezani linaonyesha umbo jingine.

Sheria ya Kiyahudi ndiyo yenye masharti mengi. Mchinjaji ni mtu aliyefunzwa, anakagua kisu kisiwe na pengo, anakata koo mara moja bila kukandamiza, kisha mapafu ya mnyama yanakaguliwa na nyama inatiwa chumvi ili itoe damu. Mishna, katika mlango wa Chullin, inamhesabu mnyama aliyechinjwa na asiye Myahudi kuwa nyamafu, hata kama mkato wenyewe hauna kasoro. Tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, altare haipo tena, lakini sheria ya kisu ilibaki na kuendelea kukua. Afrika Mashariki ina mfano wake. Wayahudi wa Uganda waitwao Abayudaya, ambao kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliacha Ukristo na kutahiriwa mwaka 1919 karibu na Mbale, walijifunza sheria za vyakula kutoka kwa mfanyabiashara Myahudi aliyefika kwao mwaka 1920, wakashika desturi ya kujichinjia wenyewe. Jirani zao Waislamu walikuwa wamewatangulia kwa jambo hilohilo, kila kundi kwa kisu chake.

Uislamu ulipokea katazo la nyamafu, damu na nguruwe, lakini ukafungua mlango ambao Wayahudi hawakuufungua: aya ya 5 ya Sura ya Tano inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Mwislamu anaweza kula alichochinja Myahudi. Myahudi hawezi kula alichochinja Mwislamu.

Ukristo ulikwenda upande wa tatu. Mkutano wa mitume katika Matendo sura ya 15 uliwataka waumini wasio Wayahudi wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyesongolewa, sharti ambalo bado lina harufu ya Torati. Lakini Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 10, anamruhusu muumini kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Makanisa mengi ya baadaye yalimfuata Paulo zaidi kuliko mkutano ule, na yule aliyesongolewa akasahauliwa.

Kutokana na hali hiyo tunapata mpangilio usio sawa: Mkristo anaweza kula cha wote, Mwislamu anaweza kula cha baadhi, Myahudi anakula cha kwake. Katika jamii iliyochanganyika mpangilio wa namna hii una matokeo yanayotabirika. Asiye na sharti humwachia kisu mwenye sharti, kwa kuwa kufanya hivyo hakumgharimu kitu, na kila mtu anapata kula sahani moja.

Kisu cha msafara

Ndivyo ilivyotokea Usukuma. Kabla ya karne ya 19 kuchinja kulikuwa shughuli ya kaya na ya matambiko. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walichinjwa kwa ajili ya wageni, ndoa na masamva, yaani mizimu ya mababu, na Mungu aliyeitwa Liwelelo, Seba au Mulungu hakuwa na kitabu cha kuainisha nyama.

Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilileta desturi nyingine. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, lakini walioongoza misafara walikuwa Waarabu na waungwana wa pwani, na maandishi ya wasafiri na wawindaji wa Kizungu wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yanataja mara kwa mara jinsi mnyama aliyepigwa risasi alivyokimbiliwa ili achinjwe kabla hajakata roho, wapagazi Waislamu wapate kumla. Katika mazingira hayo kujua kuchinja kwa halali kulikuwa sehemu ya kuwa mtu wa safari, sawa na kujua Kiswahili. Utawala wa Kijerumani, uliotegemea maakida na askari ambao wengi wao walikuwa Waislamu au watu wa lugha ya pwani, ulizichukua lugha na desturi hizo pamoja. Bucha la mji mdogo ulioota kando ya boma au ya kituo cha reli lilikuwa, kwa kawaida, bucha la Mwislamu.

Wamisionari walifika katika nchi ambayo mpango huo ulikuwa umekwisha anza. White Fathers walianza kazi kusini mwa Ziwa mwaka 1883 huko Bukumbi. Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nassa kutoka CMS mwaka 1909, na mwaka 1913 ikafungua Kolandoto, jirani na Kishapu ya leo. Jimbo Katoliki la Maswa, ambalo mwaka 1956 lilipewa jina la Shinyanga, lilihudumiwa na mapadre wa Maryknoll. Vita vya vituo hivi vilikuwa juu ya pombe, ngoma, uganga na ndoa za wake wengi. Juu ya kisu havikupigana. Mwongofu aliyesoma Wakorintho hakuwa na sababu ya kuulizia bucha, na padre aliyekuwa na wageni Waislamu aliona ni ustaarabu kumwita Mwislamu amchinjie.

Machimbo yaliongeza uzito wa desturi hiyo. John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ilipochimbwa hadi mgodi wa kikoloni ulipofungwa mwaka 1966, watu wa makabila na dini mbalimbali walikusanyika mahali pamoja wakiwa na lugha moja ya kuwaunganisha. Kambi ya wachimbaji haina nafasi ya mabucha matatu. Hata harusi na misiba ya vijijini ilifuata mkondo huo: familia ya Kikristo iliyotaka jirani zake wote wale ilimtafuta Mwislamu mmoja wa kushika kisu, aghalabu kwa ujira wa kipande cha nyama. Desturi hii haikuwa sheria ya nchi wala mafundisho ya kanisa. Ilikuwa adabu, na adabu ina udhaifu wake: anayenufaika nayo kwa muda mrefu huanza kuiona kuwa haki, na anayeitoa huweza siku moja kuiona kuwa kodi.

Bismillahi na Minhaj

Kilichobadilika ni namna ya kusoma. Katika miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani ilienea mijini Tanzania. Wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani wakiwa na Biblia ya Kiswahili mkononi, na wahubiri wa Kipentekoste wakawajibu kwa mikutano yao ya injili. Mihadhara hiyo ilikuwa, kwa namna yake, zoezi kubwa la isimu ya umma: watu walibishana juu ya maana ya neno moja katika aya moja, wakiwa na lugha moja, wakiamini kwamba Kiswahili cha mfasiri ndicho maandiko yenyewe.

Ni katika hali hiyo sura za 8 na 10 za Wakorintho zilipata msomaji mpya. Paulo anaruhusu nyama ya sokoni, lakini anakataza kushiriki kilichotolewa sadaka kwa sanamu. Baadhi ya wahubiri walianza kuuliza: bismillahi inayosemwa juu ya koo la ng'ombe inamfanya ng'ombe huyo awe nini? Jibu walilolitoa ni kwamba anakuwa dhabihu, na anayemla anashiriki madhabahu isiyo yake. Hoja hiyo isingekuwa na mvuto huo kama neno dhabihu lingebaki Kiswahilini na maana yake pana ya Kiarabu, ambamo dhabiha ni mnyama yeyote aliyechinjwa ipasavyo, hata kuku wa mchuzi. Lakini msomaji wa Biblia anaijua dhabihu ya madhabahuni tu. Alilichukua neno la kanisa akalivika tendo la bucha, na ghafla jirani yake mchinjaji akawa kuhani wa mungu mwingine. Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa pande zote mbili husema Mwenyezi Mungu.

Upande wa Waislamu nao uliitetea desturi kwa hoja ya neno lilelile: Mkristo hasemi bismillahi, kwa hiyo nyama yake ni kibudu. Aya ya 121 ya Sura ya Sita inakataza kula kisichotajiwa jina la Mungu, na madhehebu ya Kihanafi huishika kwa ukali, ingawa humsamehe aliyesahau. Waislamu wengi wa Tanzania, hata hivyo, ni Mashafi, na katika fikihi ya Kishafi kutaja jina la Mungu wakati wa kuchinja ni suna. Anayeacha kulitaja haiharibu nyama. Kinachoangaliwa kwanza ni mchinjaji mwenyewe. Minhaj at-Talibin ya an-Nawawi, kitabu cha karne ya 13 kilichosomwa sana katika vyuo vya pwani, kinaunganisha suala hili na ndoa: anayeruhusiwa kuchinja ni yule ambaye Mwislamu anaruhusiwa kuoa kwao. Juu ya watu wa Kitabu, kitabu hicho kinatofautisha nasaba. Mwana wa Israeli ana hukumu nyepesi. Asiye wa nasaba hiyo anahesabiwa iwapo wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijabatilishwa na dini iliyofuata.

Ukiipeleka kanuni hiyo Kishapu, matokeo yake ni ya ajabu. Myahudi, ambaye haonekani wilayani, angeweza kuchinja na Mwislamu Mshafi akala kwa moyo mweupe. Mkristo Msukuma, ambaye babu yake alibatizwa Kolandoto katika karne ya 20, hawezi, hata akisema bismillahi mara tatu kwa Kiarabu fasaha. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine, na wengi wa zama hizi, hawaikubali tofauti hiyo ya nasaba. Kwao aya ya 5 inatosha kama ilivyo. Lakini mjadala huo wa kifikihi haukufika Buseresere. Watu walikuwa wakigombana juu ya tamko, wakati sheria ambayo upande mmoja uliamini unailinda ilikuwa na swali jingine kabisa, nalo ni la ukoo.

Wasabato wa Usukuma wanaonyesha jinsi mpaka unavyoweza kupita mahali pengine tena. Wamefanya kazi Tanzania tangu mwaka 1903. Ni Wakristo, lakini Mambo ya Walawi sura ya 11 kwao ni sheria hai: hawali nguruwe, hawali sungura, na mtu wa kanda ya Ziwa anayekataa kambare kwa sababu hana magamba ni, kwa uwezekano mkubwa, Msabato. Katika hilo wamesimama na Myahudi dhidi ya Mshafi, ambaye kambare kwake ni samaki kama samaki wengine. Wanapumzika siku ambayo Kiebrania huiita shabat na Kiarabu as-sabt, yaani siku ya saba ya Torati. Kiswahili, kilichoazima Alhamisi na Ijumaa na kuhesabu siku nyingine kuanzia baada ya sala ya Ijumaa, kinaiita siku hiyohiyo Jumamosi, ya kwanza.